Mnyama wa Porini ni wa Nani?

Mtu akitwaa mbuzi wa jirani, huyo ni mwizi. Hata mtoto mdogo wa Ariwara ajua hivyo. Lakini mtu akiua mnyama wa porini, amemwibia nani? Mnyama huyo hana mfugaji wala zizi. Ndivyo wasemavyo wengi, na neno lao lastahili jibu.

Kaskazini-magharibi mwa Ariwara, upande wa Faradje na Dungu, iko mbuga ya Garamba, iliyotengwa na serikali mwaka 1938. Humo waliishi vifaru weupe wa kaskazini. Vita na biashara ya pembe viliwamaliza: mwaka 2006 walionekana wanne tu, kisha hakuonekana hata mmoja. Dume wa mwisho wa aina yao duniani alikufa nchini Kenya mwaka 2018, akaacha majike wawili.

Je, waliuawa kwa sababu ya njaa? Sivyo, pembe hailiwi. Kanisa lafundisha ya kuwa mtu aliye katika shida kubwa kabisa, akitwaa cha kumponya na kifo, hana dhambi ya wizi. Lakini fundisho hilo halimtetei auaye kwa ajili ya fedha, wala anunuaye huku akijua mali ilikotoka.

Basi, aliyeibiwa ni nani? Kwanza ni Mungu, aliyeumba vyote, akamweka mwanadamu awe mtunzaji. Pili ni watoto ambao hawajazaliwa bado. Tena, toba ya kweli huandamana na malipo: mwizi wa mbuzi aweza kurudisha mbuzi. Je, aliyeua mnyama wa mwisho atarudisha nini? Mwaka 2023 vifaru weupe 16 waliletwa Garamba kutoka Afrika ya Kusini. Ni jambo la kushukuru. Lakini hao ni wa aina ya kusini. Wale waliokwisha hawakurudi.

Hata hivyo, haki ina pande mbili. Wenye kutenga pori wasimsahau mkulima ambaye shamba lake limekanyagwa na tembo, wala mwenye njaa akaaye mpakani. Nao wanadaiwa. Lakini deni la mmoja halifuti deni la mwingine.

Basi mkatekumeni, kabla ya kutega mtego au kununua nyama ya porini sokoni, aiulize dhamiri yake: “Hiki ninachokitwaa, nitaweza kukirudisha?” Kama hawezi, na akiache.