Punda si Ng'ombe Mdogo

Shangazi yangu anaishi kwenye miteremko ya Mlima Meru, wilayani Arumeru. Ana ng'ombe wawili wa maziwa, mbuzi watano na kuku wa kienyeji. Alikuwa pia na punda jike aliyeitwa Subira. Kila alfajiri Subira alileta maji, dumu la lita 20 kila ubavu, na wakati wa mavuno ndiye aliyepandisha mahindi kutoka bondeni.

Mwaka mmoja, baada ya masika, kupe walizidi. Shangazi aliogopa ndigana, maana ilishawahi kumuulia ndama. Akamwita jamaa aliyezunguka kwa pikipiki na bomba la mgongoni, ambaye kijiji kizima kilimwita dokta. Hakuna aliyewahi kumuuliza alisomea wapi. Ng'ombe walipona mikononi mwake, bei yake ilikuwa nafuu, na akipigiwa simu hakukawia.

Alipomaliza kuwaogesha ng'ombe na mbuzi, dawa ilibaki kwenye bomba. "Mama, hata huyu punda ana kupe masikioni," alisema. "Tumalizie kwake, dawa isipotee." Shangazi akashukuru.

Siku ya pili Subira aliacha kula. Hakugaragara wala kujipiga mateke tumboni. Alisimama tu, kichwa kimeinama. Shangazi akadhani ni uchovu, akampumzisha. Siku ya tatu, alipoingia na fagio bandani, hakukuta kinyesi cha kufagia. Akampigia simu jamaa yule yule. Akaja, akampima joto, akasoma nyuzi 38.5. "Joto la kawaida kabisa," akasema, akampa dawa ya minyoo na kuondoka. Usiku wa kuamkia siku ya tano Subira alikufa.

Watu husema punda afe, mzigo ufike. Wiki ile shangazi aliteka maji kwa kichwa chake mwenyewe, na mahindi yalilala shambani yakinyeshewa.

Daktari wa mifugo alipofika kuukagua mzoga, jambo la kwanza aliloulizia ni dawa ya kupe. Shangazi akamletea chupa: amitrazi. Kwa ng'ombe, ikichanganywa kwa kipimo chake, ni dawa nzuri. Kwa farasi na punda hupunguza mwendo wa utumbo, kinyesi hukwama, na mnyama hupatwa na msokoto wa tumbo. Punda hawezi kutapika, na hana tumbo la kucheulia kama ng'ombe. Majani yake huchachukia kwenye utumbo mpana, na huko ndiko mambo yanakofungika. Kama angeoshwa mapema kuondoa dawa ile na kupewa maji kwa mpira wa puani, pengine angeokoka.

Na lile joto? Nyuzi 38.5 ni afya kwa ng'ombe. Punda mzima hukaa karibu na nyuzi 37. Kipimo kilisema kweli, ila aliyekisoma alijua lugha ya ng'ombe peke yake.

Jamaa yule hakuwa mtu mbaya, na shangazi hakuwa mzembe. Kosa lilitangulia ugonjwa: alimpima tabibu kwa ng'ombe, kisha akamkabidhi punda. Ndugu mfugaji, nakuomba uchague daktari mnyama akiwa mzima, maana usiku wa msokoto wa tumbo, wewe utamchukua yeyote atakayepokea simu.

Anza na usajili. Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 iliunda Baraza la Veterinari Tanzania, na daktari wa kweli amesajiliwa huko. Kumuuliza namba yake si kumvunjia heshima. Afisa mifugo aliyesoma stashahada naye ana kazi yake kubwa vijijini, lakini mwema wao hukwambia wazi pale ujuzi wake unapoishia na nani wa kumwita.

Kisha uliza kuhusu punda kwa jina lake. Amewatibu wangapi? Je, anajua kwamba punda huficha maumivu, na kwamba akiacha kula, mafuta ya mwili humwagika kwenye damu na kuharibu ini kwa siku chache tu? Kwa punda, kukataa chakula pekee ni dharura. Je, anazungumzia chanjo ya pepopunda kabla hujaitaja? Farasi na punda hushikwa na ugonjwa huo upesi kuliko mifugo mingine, na msumari mmoja kwenye kwato unatosha.

Mwangalie pia anavyoingia bomani. Daktari mzuri huuliza wanyama wote wanakula nini. Baadhi ya vyakula vya kuku hutiwa monensini, dawa ya kuzuia vimelea vya koksidia, na punda akivilamba huweza kufa kwa moyo kuharibika. Anayemwona mgonjwa mmoja bila kuona banda zima atakuachia hatari ile ile mlangoni. Mwisho, jua nani hushika simu yake akisafiri, na usimkwepe kwa sababu ya bei mpaka umehesabu bei ya punda.

Shangazi alichanga fedha miezi mingi hadi akapata punda mwingine. Kabla hajambebesha hata dumu moja, alimwita daktari kijana aliyeelekezwa na wenye punda wa soko la Tengeru.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kabla hujamshika, niambie: punda mzima joto lake ngapi?"

Kijana hakukasirika. Aliweka mkono shingoni mwa punda, akatulia kidogo. "Kama 37, mama. Nikikuta 38.5, siondoki hapa mpaka nijue sababu."

Shangazi akamfungulia lango la banda.