Niya Njema Haiondoi Dhamana

Sifa njema zote ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba zake.

Ndugu zangu katika imani, kuna swali ambalo mwanafunzi wa chuo huulizwa kwa simu kutoka nyumbani, hata kama hasomei udaktari: "Wewe ndiye msomi wetu. Mtoto ana homa, tumpe nini?" Wengi hujibu bila kusita: mpeni parasetamoli. Ni dawa inayopatikana katika kila famasi, kuanzia Nyamirambo hadi Kimironko, bei yake si kubwa, na hakuna asiyewahi kuimeza. Mtoto akidhurika, jibu letu liko tayari: niya ilikuwa njema. Makala hii inauliza jambo moja tu. Je, niya njema inatosha?

Tuanze na msingi tunaousoma katika fiqhi. Wanazuoni wametenganisha mambo mawili ambayo sisi huyachanganya: dhambi na dhamana. Dhambi ni baina ya mja na Mola wake, na aliyekosea bila kukusudia husamehewa. Dhamana ni haki ya aliyedhurika, nayo haifutiki kwa sababu tu mkosaji hakukusudia. Katika Suratun-Nisaa, aya ya 92, aliyemuua muumini kwa kukosea hakuachwa aende zake kwa sababu moyo wake ulikuwa safi. Amewekewa kafara, na diya kwa jamaa wa marehemu. Hata mtoto mdogo akivunja chungu cha jirani, hana dhambi, lakini fidia hutolewa katika mali yake. Niya inausafisha moyo, haikiungi chungu.

Sasa tuiangalie dawa yenyewe. Kipimo cha parasetamoli kwa mtoto hufuata uzito wake: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, na kati ya dozi moja na nyingine zipite saa 4 hadi 6, zisizidi dozi 4 kwa siku nzima. Mtoto wa kilo 10 anahitaji miligramu 100 hadi 150. Kidonge kimoja cha mtu mzima kina miligramu 500, kwa hiyo hata nusu yake inampita. Dawa za maji nazo hazilingani: kuna chupa yenye miligramu 120 katika mililita 5, na nyingine yenye 250 katika mililita hizohizo. Anayebadilisha chupa bila kusoma, akabaki na kijiko kilekile, ameongeza dozi mara mbili bila kujua. Tena dawa nyingi za mafua zina parasetamoli ndani yake. Anayempa mtoto zote mbili amempa dawa moja mara mbili.

Ubaya wa kuzidisha ni kwamba hauonekani upesi. Siku ya kwanza mtoto anaweza kutapika kidogo tu, au asionyeshe dalili yoyote, huku ini linaharibika. Ipo dawa ya kuzuia madhara hayo hospitalini, lakini hufaa zaidi ikiwahi. Aspirini nayo haifai kwa mtoto mwenye mafua au tetekuwanga, kwa kuwa imehusishwa na ugonjwa wa Reye, unaoshambulia ubongo na ini. Na hata dawa iliyotolewa kwa kipimo sahihi hushusha joto tu, haitibu malaria. Joto likishuka kwa saa chache, nyumba hutulia, na ugonjwa unaendelea.

Hapa ndipo hadithi iliyopokewa na Abu Dawud, An-Nasai na Ibn Majah inapotugusa. Maana yake ni kwamba anayejitia utabibu hali hajulikani kuwa na elimu yake, yeye ndiye mwenye kubeba dhamana. Haikusema "akiwa na niya mbaya". Imetaja elimu tu. Basi yule anayejibu simu ya nyumbani kwa uhakika asiokuwa nao, kwa muda huo amejitia utabibu.

Mtu atasema: maneno haya yatawatisha watu wasisaidie. Mama ana mtoto anayeungua kwa joto saa nane za usiku. Tumwambie akunje mikono kwa kuogopa dhamana? Hapana. Ibnul Qayyim, katika Zadul Maad, aliwagawa matabibu kwa mafungu, na fungu la kwanza ni la mjuzi aliyeipa kazi yake haki yake, kwa idhini, kisha yakatokea madhara yasiyotarajiwa. Huyo hana dhamana. Wanazuoni wana kaida kwamba ruhusa ya kisheria na dhamana havikai pamoja. Mama huyo si tabibu, lakini akimpima mwanawe uzito, akauliza famasi, akasoma karatasi ya dawa na kutumia kipimo kilichokuja na chupa badala ya kijiko cha jikoni, naye ameipa kazi haki yake. Sheria haikuja kuuzuia mkono wake. Imeutaka utafute kipimo kwanza.

Lakini kuna swali gumu zaidi. Vipi mama aliyefanya yote hayo, na sumu ikawa ndani ya chupa?

Hilo limetokea. Oktoba 2022, Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu dawa nne za maji za kikohozi na mafua zilizopatikana Gambia, zikihusishwa na vifo vya watoto 66. Ndani yake mlikuwa na daiethilini glaikoli na ethilini glaikoli, kemikali zinazoua figo. Nchini Nigeria, mwaka 2008 na 2009, dawa ya watoto wanaoota meno, iliyokuwa na parasetamoli, iliua watoto 84 kwa sumu hiyo ya kwanza. Sumu hii ni tamu, inafanana na viyeyusho halali vya dawa, na bei yake ni ya chini. Hakuna mama awezaye kuitambua kwa kuonja.

Mkasa wa kwanza mkubwa ulikuwa Marekani mwaka 1937, ambako dawa ya maji iliyotengenezwa kwa kemikali hiyohiyo iliua watu zaidi ya 100, wakiwemo watoto. Mwenye kampuni alisikitika, lakini alikataa kwamba ana lawama, kwa kuwa sheria ya wakati ule haikumtaka aipime dawa kama ni salama. Hakuna anayedai kwamba alikusudia kuua. Hata hivyo, ni mfazaiko gani kwa mzazi kusikia kwamba hakukusudia? Dhamana pale haikuwa ya aliyeshika kijiko. Ilikuwa ya aliyejaza chupa bila kuijua, na ya dola iliyomwachia. Mwaka uliofuata, 1938, sheria ilibadilishwa.

Wazee wetu wa hisba waliliona hili mapema. Ash-Shayzari, aliyeishi zama za Salahuddin, aliandika kitabu cha kumwongoza muhtasib sokoni, na ndani yake akaweka mlango wa wauza dawa na mlango wa watengenezaji wa sharubati za tiba, kwa sababu mnunuzi hawezi kuona kilichomo. Kazi hiyo hapa Rwanda iko mikononi mwa Mamlaka ya Chakula na Dawa, iliyoundwa kwa sheria ya 2018. Aprili 2024, baada ya Nigeria kutangaza kwamba imekuta sumu hiyo katika toleo moja la Benylin ya watoto, Rwanda, Kenya, Tanzania na nchi nyingine ziliiondoa madukani. Kampuni ilisema vipimo vyake havikuikuta. Lakini kutangulia kuzuia, wakati shaka inahusu uhai wa mtoto, ndiyo hisba yenyewe.

Basi simu ikilia, tujibu nini? Imam Malik alikuwa bahari ya elimu, na bado alijulikana kwa kusema "sijui". Tuseme: sijui, mpimeni uzito, ulizeni famasi iliyosajiliwa, na mpelekeni kwa mjumbe wa afya wa kijiji, abajyanama b'ubuzima, apimwe malaria. Mchanga wa chini ya miezi mitatu mwenye homa apelekwe kituo cha afya bila kungoja. Jibu hili halitufanyi tuonekane wasomi, ila linampa mtoto haki yake.

Allah atujaalie elimu yenye manufaa, awaponye watoto wetu na awarehemu waliotangulia. Wallahu a'lam.