Tembo wa Nani Usiku?



Jumuiya yetu inapanga ziara ya Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth likizo hii, na daftari la michango nimekabidhiwa mimi. Ratiba inavutia: boti kutoka Mweya, mfereji wa Kazinga unaounganisha Ziwa George na Ziwa Edward, viboko, nyati, na tembo wakishuka ufukweni kunywa maji. Lakini kila ninapoandika jina la aliyelipa, moyo unasita.

Kwetu ni Karusandara, mashamba yanapakana na hifadhi. Mahindi yakikaribia kukomaa, mama yangu halali nyumbani. Hukesha kwenye dungu, ana tochi na debe bovu la kugonga. Mwaka juzi usingizi ulimshinda kwenye saa tisa usiku. Alfajiri akakuta nusu shamba limelala chini. Mimi ninachangisha fedha ili twende kuwapiga picha tembo haohao.

Sura Al-Anbiyaa, aya ya 78 na 79, inataja kesi ya kondoo walioingia shambani usiku, Nabii Dawud na Nabii Sulayman wakaiamua. Wafasiri wanaeleza kuwa Sulayman aliamua mwenye shamba atumie maziwa na sufi ya kondoo mpaka mwenye kondoo alirudishe shamba kama lilivyokuwa. Na wanazuoni wengi wamesema: mchana mwenye shamba alinde shamba lake, usiku mwenye mnyama afunge mnyama wake.

Sasa tembo ni wa nani? Mchana ana wenyewe, maana kumtazama kuna kiingilio. Usiku akivuka, tunaambiwa ni mnyama wa porini.

Msinielewe vibaya. Simtakii tembo mkuki. Hifadhi ilianzishwa 1952, na tembo walikuwa wakipita pale kabla ya hapo. Al-An'aam inatufundisha kuwa wanyama nao ni umma kama sisi. Sheria nayo haijanyamaza: asilimia 20 ya viingilio vya langoni hurudi kwa wananchi wa jirani, na sheria ya wanyamapori ya 2019 imetaja fidia. Ila darasa jipya, hata likiwa zuri namna gani, si gunia la mahindi la aliyekesha.

Kinachonisumbua ni sisi wageni. Tukishiriki maziwa ya kondoo, je, hatuna fungu katika deni la shamba? Mimi naona tunalo, hata kama ni dogo.

Kwa hiyo nimemwandikia Amir kwamba basi lipitie Karusandara usiku mmoja kabla ya Mweya. Ndugu wa kiume wapokezane kwenye madungu mpaka Alfajiri, akina mama walale. Amejibu kuwa wengine wanalalamikia baridi na mbu. Tutalizungumza baada ya swala ya Ijumaa. Mama nimeshampigia simu. Ameuliza tupo wangapi, apate kuazima mikeka.