Nyuzi na Viatu: Ukavu wa Moyo katika Kisa cha Mtawa Sona

Mtu anayedumu katika tafakuri kwa muda mrefu hufika mahali ambapo moyo hukauka. Pumzi aliyokuwa akiifuatilia kwa utulivu humchosha; wema anaowatakia viumbe wote hubaki maneno matupu; mwili nao hulemewa. Wahenga walisema kuwa mvumilivu hula mbivu, na wengi huichukua kauli hiyo kuwa jibu tosha: aliyekauka hakuvumilia vya kutosha. Makala haya yanalitilia shaka jibu hilo. Swali linaloshughulikiwa ni la kimaadili: moyo unapokauka katika zoezi lililonuiwa kuukomboa, lawama ni ya nani? Kisa cha Sona Kolivisa, kilichohifadhiwa katika maandiko ya Kibuddha ya lugha ya Kipali, kinatoa mwanga juu ya suala hili.

Sona alikuwa kijana wa ukoo tajiri wa mji wa Champa katika India ya kale. Alilelewa kwa anasa hata nyayo zake zikawa laini mno. Baada ya kuingia katika utawa, alifanya tafakuri ya kutembea kwa bidii iliyopita kiasi, hata miguu ikapasuka na njia ikatapakaa damu. Hakupata alichokitafuta. Akaanza kuwaza kurudi nyumbani, akatumie mali yake na kutenda mema. Buddha alipomjia hakumkemea. Alimuuliza kuhusu ujuzi aliokuwa nao kabla ya utawa, yaani kupiga ala ya nyuzi inayoweza kulinganishwa na udi wa taarab. Nyuzi zikikazwa mno, ala hailii vyema. Zikilegezwa mno, hailii vyema vilevile. Kadhalika, bidii ikizidi huleta mahangaiko, na ikipungua huleta uvivu.

Taswira hii inadokeza mambo mawili. Kwanza, mpigaji ala haulaumu uzi. Uzi uliokazwa mno si uzi mwovu; kwa mtazamo huu, ukavu ni habari wala si hukumu. Pili, kipimo hakitoki nje. Mpigaji mwenyewe hutega sikio. Buddhaghosa, aliyeandika Visuddhimagga nchini Sri Lanka katika karne ya 5, aliliendeleza wazo hili: bidii isawazishwe na utulivu wa mawazo, imani isawazishwe na hekima, ilhali uzingativu wenyewe hauna kuzidi. Kwa hiyo kinachomchosha mtendaji si uzingativu, bali ni ile nguvu ya kulazimisha inayojificha nyuma yake.

Hata hivyo, msomaji akiishia hapo atakuwa amekisoma kisa nusu. Katika Anguttara Nikaya, masimulizi humalizikia katika ukombozi wa Sona. Katika Mahavagga, ambayo ni sehemu ya maandiko ya kanuni za watawa, kuna tukio la ziada. Buddha anamruhusu Sona avae viatu vya soli moja kwa sababu ya ulaini wa nyayo zake. Sona anakataa: watu watasema kwamba aliyeacha shehena za dhahabu sasa ameshikamana na viatu. Atavivaa iwapo tu ruhusa itatolewa kwa watawa wote. Buddha anairuhusu jumuiya nzima, na kanuni inabadilika.

Yaweza kudaiwa kwamba tukio hili halihusiani na ukavu wa moyo, kwa kuwa Sona amekwisha kukombolewa viatu vinapotolewa. Lakini hapo ndipo penye uzito wa kisa. Ukombozi haukuzifuta nyayo zake. Ulaini ule ulibaki hata baada ya nyuzi kusawazishwa, na dawa yake haikuwa tafakuri zaidi bali ngozi chini ya mguu. Isitoshe, japo Sona anachelea maneno ya watu, matokeo ya kukataa kwake ni makubwa kuliko sababu aliyoitoa: udhaifu wa mtu mmoja unakuwa hoja ya kuichunguza kanuni inayowahusu wote.

Nusu hii ya pili ndiyo inayosahaulika siku hizi. Tangu 1979, Jon Kabat-Zinn alipoanzisha mafunzo ya uzingativu kwa wagonjwa katika chuo cha udaktari cha Chuo Kikuu cha Massachusetts, zoezi hili limeenea hospitalini, shuleni na kazini. Aghalabu linaloenea ni somo la nyuzi peke yake. Mfanyakazi aliyechoka hufundishwa kuusawazisha moyo wake, huku saa na mzigo wa kazi vikibaki vilevile. Akizidi kukauka, hujiona ameshindwa mara mbili: katika kazi na katika utulivu.

Kutokana na kisa cha Sona, inabainika kwamba lawama haiwezi kurundikwa mahali pamoja. Mtendaji ana wajibu wa kuusikiliza uzi wake na kuulegeza bila kuona haya, hata kama kuulegeza ni kupumzika. Mwalimu na jumuiya nao wana wajibu wa kuitazama njia anayoipita. Njia ikiwa na damu, nasaha juu ya nyuzi hazitoshi. Sharti pawe na mtu wa kuuliza habari za viatu.