Bekoni Isiyo ya Nguruwe

Anayetaka kupika bekoni ya ng'ombe ikapikika aanze na kikaango baridi. Vipande vipangwe bila kupandana, moto uwe mdogo, na mpishi asiende mbali. Mafuta ya ng'ombe huhitaji joto kubwa kuliko ya nguruwe ili yayeyuke, na anayeharakisha kwa moto mkali huishia na nyama iliyoungua ilhali mafuta bado yamo ndani. Dakika za mwanzo hutoka maji tu. Baadaye kingo zinaanza kujikunja, povu jeupe linachemka pembeni mwa vipande, na harufu ya chumvi, moshi na sukari inayokaribia kuungua inatoka mpaka barazani. Vigeuzwe mara mbili tatu, vitolewe vikiwa bado vinanyumbuka, kwa kuwa vitakauka vyenyewe sahanini. Tena viliwe vya moto. Vikipoa, mafuta yale huganda na kung'ang'ania kaakaa.

Harufu hiyo ndiyo chanzo cha ubishi. Sehemu kubwa ya kinachoitwa ladha ya bekoni haitoki kwa nguruwe hata kidogo. Inatokana na chumvi, sukari, moshi wa kuni, na nitriti ya sodiamu, ile chumvi ya viwandani inayoifanya nyama ibaki na rangi ya waridi hata baada ya kuiva. Kidari cha ng'ombe, au nyama ya ubavu wa chini karibu na tumbo, ikilazwa siku kadhaa ndani ya mchanganyiko huo kisha ikafukizwa moshi, inamkaribia nguruwe kiasi cha kumtatanisha aliyefumba macho. Ndipo linapokuja swali ambalo wapishi huwaachia mashehe na marabi: mtu aliyekatazwa nguruwe, akatengeneza kitu chenye sura, harufu na ladha yake kwa nyama ya halali, ametii amri au ameizunguka?

Swali hili limezeeka. Katika Talmudi ya Babeli, kitabu cha marabi wa kale, kwenye sura zinazohusu machinjo, yumo mwanamke aitwaye Yalta, mke wa mwanazuoni Rav Nachman, aliyeishi zaidi ya miaka 1,600 iliyopita. Yalta alimwambia mumewe kwamba kila kitu ambacho Mungu amewaharamishia watu, amewahalalishia kingine kinachofanana nacho. Damu imekatazwa, lakini ini limeruhusiwa. Nguruwe amekatazwa, lakini yuko samaki mmoja, shibuta, ambaye ubongo wake una ladha ya nguruwe. Alipomaliza orodha yake akasema sasa anatamani nyama iliyochanganywa na maziwa, jambo ambalo Torati ya Wayahudi hailiruhusu. Rav Nachman hakumkemea. Aliwaagiza wapishi wamchomee viwele, nyama ambayo maziwa yamo ndani yake tayari.

Jibu hilo halikumshutumu Yalta kwa uroho wala kwa kutaka kuionja haramu kwa mlango wa nyuma. Mumewe alilichukua ombi kama lilivyo: amri imekataza kitu fulani, haikukataza utamu. Na kwa kauli ya Yalta, Mungu mwenyewe ndiye aliyeuweka utamu huo mahali pengine ili waja wake wasiukose.

Walimu wa kale wa Kiyahudi walikwenda mbali zaidi. Walifundisha kwamba mtu asijigambe kuwa nguruwe hamvutii. Aseme anaweza kumtamani, ila Baba yake wa mbinguni amemkataza. Katika karne ya 12, Maimonides, aliyekuwa tabibu Misri na mwanafalsafa aliyeandika kwa Kiarabu, alilichambua fundisho la namna hiyo. Kuua na kuiba, alisema, ni mambo ambayo mtu mwema hapaswi hata kuyatamani, na anayeyatamani ana kasoro rohoni. Lakini makatazo ambayo akili peke yake isingeyagundua kama si ufunuo, kama nyama kupikwa na maziwa, hayako hivyo. Kuyatamani si dosari, na thamani ya utii iko palepale ambapo hamu ipo na mkono umezuiwa. (Maimonides huyohuyo, katika kitabu kingine, alishindwa kujizuia akatafuta sababu: nguruwe ni mchafu na anakula uchafu. Hata wanafalsafa huona tabu kuliacha katazo bila maelezo.)

Kwa hesabu hiyo bekoni ya ng'ombe haina tatizo. Anayeila hakani hamu yake, ameiridhisha pale aliporuhusiwa.

Upande wa pili una mtetezi mzito, Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111. Katika kitabu chake Ihyaa Ulumiddin, kwenye mlango unaohusu muziki, anatoa mfano ambao kila mpenda bekoni ya ng'ombe angepaswa kuufikiria. Watu wamekusanyika, wamepamba baraza, wameleta vyombo vya walevi, na mnyweshaji anapita akimimina na kutamka maneno yanayozoeleka kwenye vilabu vya pombe. Kilichomo ndani ya vyombo ni sikanjabini, kinywaji cha siki kilichotiwa utamu, halali kabisa. Ghazali anasema kitendo hicho ni haramu. Kinywaji hakina kosa. Walichokosea wanywaji ni kujifananisha na watu wa ufisadi.

Mfano huu ukisomwa haraka, bekoni ya ng'ombe imekwisha. Ukisomwa polepole mambo yanabadilika. Ghazali hakukataza sikanjabini yenyewe, wala hakusema kwamba anayeifurahia nyumbani kwake amekosa. Alichokataza ni mkao: kuigiza karamu ya uasi, na kuigiza ili kuwa kama wale waasi. Mama anayewakaangia watoto vipande vya kidari pamoja na mayai kabla hawajakwenda shule haigizi karamu ya mtu yeyote. Kijana anayepiga picha sahani yake ili marafiki wadhani amethubutu kula nguruwe, huyo ndiye Ghazali anamhusu.

Qurani yenyewe inataja nyama ya nguruwe, tena zaidi ya mara moja. Surat al-An'am, aya ya 145, inaitaja kuwa ni uchafu, na al-Baqara, aya ya 173, inamsamehe aliyelazimika bila kutaka wala kupindukia. Katazo limemshika mnyama. Ladha haikutajwa. Hata hivyo baadhi ya mamlaka za dini zimevuka hapo. Baraza la Maulamaa la Indonesia, katika fatwa yake ya mwaka 2003, lilikataza vyakula vinavyotoa ladha au harufu ya vitu vilivyoharamishwa, na mfano mmoja uliotajwa ni ladha ya bekoni. Malaysia, mwaka 2016, mamlaka ya Kiislamu ilitaka mkate wa soseji wenye neno "dog" (mbwa) kwenye jina lake ubadilishwe jina ndipo upate cheti cha halali, hoja ikiwa ni kwamba jina linawachanganya walaji.

Hoja ya jina ina uzito kwa muuzaji, kwa sababu mnunuzi ana haki ya kujua anachonunua, na pakiti inayoandika neno la nguruwe kwa herufi kubwa na neno la ng'ombe kwa herufi ndogo kama chungu inastahili kurudishwa kiwandani. Lakini kuifanya ladha yenyewe kuwa haramu ni kuongeza ukuta nje ya ukuta. Siku moja mtu atauliza kama moshi nao umeharamishwa.

Wayahudi nao wamekwama kwenye jina. Mwaka 2021 kampuni ya Impossible Foods ya Marekani ilitoa "nguruwe" wa mimea, asiye na hata tone la mnyama. Shirika la Orthodox Union, ambalo huthibitisha vyakula vinavyofaa kwa Wayahudi na lilikuwa limeshaipa cheti "nyama ya ng'ombe" ya mimea ya kampuni hiyohiyo, lilikataa. Mkuu wa kitengo husika alieleza kwamba viambato havikuwa na tatizo. Kilichozuia ni jina na hisia za walaji. Yalta angecheka.

Wakristo hawako nje ya mjadala huu kama wengi wao wanavyodhani. Kanisa la Orthodox la Ethiopia halili nguruwe. Waadventista Wasabato, ambao ni wengi Kisii, Mara na Upare, wanashika Mambo ya Walawi 11, wakati majirani zao Walutheri na Wakatoliki wananukuu maono ya Petro katika Matendo ya Mitume 10. Na ni Waadventista wa Ohio walioanzisha kampuni ya Worthington mwaka 1939, ambayo ilikuja kuuza vipande vya mimea vyenye sura na ladha ya bekoni. Jumuiya iliyomkataa nguruwe kwa bidii kuliko karibu kila Mkristo ndiyo iliyokaa maabarani ikitafuta ladha yake. Wapo watakaoita huo unafiki. Ni sahihi zaidi kuuita ukweli: walikiri kwamba walichoacha kilikuwa kitamu.

Jikoni kwa kawaida kuna mtu zaidi ya mmoja, na hapo ndipo hoja za vitabuni hutokwa jasho. Katika nyumba za kupanga za Dar es Salaam, familia tatu nne hupika kwenye ukumbi mmoja, na sufuria huazimwa. Kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, cha mpangaji wa chumba cha mwisho kinanukia kwa wote. Ubishi huo umewahi kutoka hadi mtaani: Aprili 1993 mabucha ya nguruwe jijini humo yalivamiwa na kuvunjwa, na serikali ikakamata watu. Paulo, katika barua ya kwanza kwa Wakorintho, alikwisha kuwaambia walio huru kula kila kitu kwamba uhuru wao usiwe kikwazo kwa mwenzao. Maneno hayo hayamkatazi Mkristo kitimoto chake. Yanamtaka awe na kikaango chake mwenyewe, na asiazime cha jirani kimyakimya.

Kikaango kina sheria zake. Sahaba Abu Tha'laba alimuuliza Mtume kuhusu vyombo vya Watu wa Kitabu, ambamo nguruwe alipikwa na pombe kunywewa. Aliambiwa wakipata vingine wasitumie hivyo, na wasipopata wavioshe kisha wale. Madhehebu ya Shafi'i, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, yamemweka nguruwe pamoja na mbwa: chombo kioshwe mara saba, moja kwa udongo. Imam Nawawi, mmoja wa nguzo za madhehebu hayo, aliona kwamba kwa upande wa dalili, mara moja bila udongo inatosha kwa nguruwe. Wengi bado wanaosha saba.

Kwa hiyo mwenye kujali dini yake asipoteze usingizi kwa sababu kidari cha ng'ombe kimenukia kama kitu kingine. Atakapokaa hotelini Nairobi au Dar na kuona bekoni ya ng'ombe kwenye orodha ya chakula cha asubuhi, asimuulize mhudumu kama kuila inafaa. Amuulize bamba la kukaangia limekaangia nini kabla yake, na kama koleo la kugeuzia ni hilohilo moja kwa nyama zote.