Rejimu, mwiko na sahani ya jamaa: je, kujinyima chakula ni wema?



Katika kurasa hizi tumezoea kusoma juu ya ndoa, mahari, matanga na majina ya watoto. Leo nataka tuangalie jambo ambalo wengi watasema si la mila: mtu mwenye chakula nyumbani anakikataa ili apunguze kilo. Mu Bukavu tunasema "kufanya rejimu", neno tulilochukua kwa Kifaransa. Zamani ilikuwa habari ya wakubwa wa Nguba na Muhumba. Leo imefika hata huku Mumosho. Msichana anarudi kutoka masomo ya mjini, anatoa simu, na ndani mwake kuna orodha: siku 14 bila bugali, bila muchele, bila viazi, asubuhi yai na chai bila sukari, jioni avoka na mboga bila mafuta. Mama yake anamuuliza: "Mwanangu, njaa ilitutesa miaka yote ile, sasa wewe unaiita irudi?"

Swali la mama yule si la kuchekesha. Wahenga walisema: mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Mwaka 2025 Umoja wa Mataifa na serikali walihesabu kwamba watu zaidi ya milioni 25 katika nchi yetu walikuwa na upungufu mkali wa chakula. Katika nchi kama hiyo, je, ni halali mtu kukataa sahani kwa sababu ya kiuno chake? Na kama ni halali, ni kwa masharti gani?

1. Unene na kukonda mu macho ya watu

Kwetu ukitoka safari watu wakakuambia "Ah, umenenepa!", ujue wanakusifu. Maana yake: ulikula, ulilala, hakuna aliyekusumbua. Mwanamke aliyeolewa akinenepa, sifa inaenda kwa bwana wake. Akikonda, wakwe wanaanza kuulizana.

Si sisi peke yetu. Mwaka 1861 Mwingereza John Hanning Speke alifika Karagwe, kwa mfalme Rumanika, nchi ambayo leo iko katika mkoa wa Kagera, Tanzania. Alikuta wake wa wakubwa wakinyweshwa maziwa mengi kila siku mpaka wengine walishindwa kusimama wima. Huko unene ulikuwa heshima ya nyumba: ulionyesha kwamba ng'ombe wako, na kwamba mke halimi. Kitabu chake kilitoka mwaka 1863. Na mwaka uleule, mu London, mzee William Banting, fundi wa majeneza wa jamaa ya kifalme, alitoa kijitabu kidogo akieleza namna alivyopunguza karibu kilo 20 kwa kuacha mkate, sukari, bia, viazi, siagi na maziwa. Kijitabu kile kilienea sana, na rejimu nyingi zinazopita leo katika simu zetu ni wajukuu wake. Basi mwaka mmoja, vitabu viwili: kimoja kinasimulia watu wanaokunywa maziwa ili wanenepe, kingine mtu anayeyaacha ili akonde. Kila mmoja alifikiri anatafuta mwili wa mtu mwenye heshima.

Halafu ikaja sida. Mwaka 1985 waganga walieleza ugonjwa mpya ulioonekana Rakai, kusini mwa Uganda. Wanakijiji walikuwa wamekwisha kuuita "Slim", maana ulimkausha mtu. Tangu siku zile, mu Maziwa Makuu yote, kukonda kukawa kama hati ya mashitaka. Hata leo, na dawa ziko, mtu akipungua haraka majirani wananong'ona: "Uyu iko na nini?" Ndiyo maana mtu wa kwetu anayefanya rejimu anabeba mizigo miwili: njaa yenyewe, na mdomo wa watu.

2. Namna tatu za kujinyima

Wazee hawakungoja simu ili wafahamu kukataa chakula. Kuna namna tatu, na tusizichanganye.

Ya kwanza ni mwiko. Mwiko unasema: watu wa aina fulani hawali kitu fulani. Hakuna anayeuliza kila siku kwa nini, na hakuna anayeubeba peke yake. Ukoo mzima unaujua, na mpishi pia anaujua.

Ya pili ni kufunga. Wakatoliki wana Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu; Waislamu wana mwezi wa Ramadhani. Mfungo una siku ya kuanza na siku ya kumaliza. Unamwachilia mgonjwa. Kanuni ya Kanisa ya mwaka 1983 inawafunga watu wazima tu, na mtu akianza mwaka wake wa 60 anaachiliwa. Tena mfungo unafuatana na sadaka: kile usichokula, kimfikie asiyekuwa nacho.

Ya tatu ni rejimu. Hapa mtu mmoja anajiwekea sheria peke yake, au anaichukua kwa mtu asiyemjua, kwa ajili ya mwili wake mwenyewe. Mara nyingi haina mwisho unaojulikana, na mpishi wa nyumba hana habari.

Wengine watasema haraka: basi mwiko na mfungo ni vizuri, rejimu ni ugonjwa wa Wazungu. Tusikimbie hivyo.

3. Nani alibeba mzigo wa mwiko?

Mu Rwanda, ng'ambo ya Ruzizi, mwanamke hakula nyama ya mbuzi. Walimwambia ataota ndevu. Mu Buganda wanawake walikatazwa kuku na mayai. Huku Bushi pia wazee wanakumbuka miiko ya namna hiyo. Angalieni vizuri: ni nani aliyekatazwa? Mara nyingi ni mwanamke, na mara nyingi kitu kilichokatazwa ni kile chenye nguvu ya kujenga mwili. Mwanaume aliyetunga sheria alibaki na paja la kuku.

Sasa twende Lwiro, katika teritware ya Kabare. Pale, IRSAC, taasisi ya utafiti iliyoanzishwa mwaka 1947, ilijenga kituo, na kwa miaka mingi waganga walichunguza watoto wa Bushi waliovimba miguu, nywele zikageuka rangi, uso ukawa na huzuni. Ugonjwa ule ni kwashiorkor. Jina lilitoka kwa Waga wa Ghana. Daktari Cicely Williams alilipeleka katika maandiko ya waganga mwaka 1935. Kwa Waga lilikuwa jina la ugonjwa unaompata mtoto wakati mdogo wake anapozaliwa, maana anaondolewa ziwani na kupewa uji mtupu.

Sisemi mwiko wa yai ndio uliozaa kwashiorkor. Umaskini, mashamba madogo, vita na muhogo kila siku vilifanya zaidi. Unga wa muhogo una protini kidogo sana, karibu gramu 1 au 2 katika gramu 100. Maharagi makavu yanapita gramu 20. Lakini pahali ambapo protini ilikuwa haba namna ile, sheria ya kumnyima mama na mtoto yai haikuwa ya haki, hata kama ilikuwa ya mababu. Basi mila peke yake haitoshi kuhalalisha sheria ya tumbo. Tunapaswa kuuliza tena: sheria hii inabebwa na nani, na kinachobaki kinaliwa na nani?

4. Rejimu mbele ya swali hilo

Tuchukue watu wawili. Wa kwanza ni mama wa Mumosho. Anaamka giza, anapanda mlima na mzigo wa muhogo au ndizi mgongoni, kamba imekaza kwenye paji la uso, anaenda kuuza Panzi au Kadutu. Akirudi analima, anateka maji. Mama huyu akiletewa orodha ya kuacha bugali siku 14, ni kumpokonya mafuta ya taa usiku. Hana kilo za kupunguza. Ana nguvu za kulinda. Yai na avoka ya ile orodha, kama viko, ni heri viongezwe juu ya bugali yake.

Wa pili ni baba wa mjini. Anakaa ofisini, anapanda moto hata kwa safari ya dakika kumi, jioni anakunywa Primus tatu na mbuzi wa kuchoma. Chupa moja kubwa ya bia ina karibu kalori 300. Tumbo limetangulia, presha imepanda, sukari imeanza kuonekana katika damu. Daktari anamwambia apunguze. Je, huyu akifuata sheria ya chakula, anawatukana wenye njaa? Hapana. Akianguka na kupooza, watoto wanatoka masomoni na mke anauza kiwanja kulipa hospitali. Kujinyima kwake kunarudi kwa watoto wake. Huo ni wema, hata kama hauitwi kwaresima.

Lakini sheria kali namna gani? Marekani, mwaka 1944 na 1945, profesa Ancel Keys wa Minnesota alijifunza njaa kwa wanaume 36 waliojitolea. Kwa wiki 24 walipewa karibu nusu ya chakula walichozoea. Walipoteza karibu robo ya uzito. Pamoja na uzito walipoteza furaha: walikuwa wakali, waliota chakula, walisoma vitabu vya upishi kama wengine wanavyosoma riwaya. Walipofunguliwa walikula bila kushiba, na wengi walirudi wanene kupita mwanzo. Kwa upande mwingine, mwaka 2002 uchunguzi mkubwa wa nchi ileile ulionyesha kwamba watu waliokuwa karibu kupata ugonjwa wa sukari, wakipunguza asilimia 7 tu ya uzito na kutembea dakika 150 kwa juma, walipunguza hatari kwa asilimia 58. Kwa mtu wa kilo 90, asilimia 7 ni kilo 6 na kidogo. Haiombi siku 14 za mateso. Inaomba bia moja pahali pa tatu, kipande kidogo cha bugali, maharagi na lengalenga kwa wingi, mawese kwa kiasi, na kuachana na moto mpaka Nyawera.

5. Sahani ya jamaa

Mwingine atanijibu: "Mwili ni wangu, tumbo ni langu, jamaa inaingiaje?" Inaingia kwa sababu kwetu watu hawali kila mtu na sahani yake. Wanazunguka bugali moja, mikono inakutana mu sombe. Anayekaa pembeni na avoka yake ametoka katika mazungumzo. Na akitembelea watu, neno "sikuli" ni zito. Mu Bukavu kila mtu anajua hofu ya karuho, ile sumu inayosemwa mu vitongoji. Ukikataa chakula cha shemeki bila kueleza, anaweza kuelewa: "Ananifikiria mchawi." Urafiki wa miaka ishirini unaweza kufa juu ya kipande cha bugali.

Hapa mwiko wa zamani unatufundisha kitu kizuri. Ulikuwa wazi. Mgeni alisema, "Kwetu hatuli kile," na hakuna aliyekasirika. Basi mtu wa rejimu naye aseme wazi: "Mama, daktari amenipunguzia bugali, nipe kidogo, maharagi uongeze." Anawe mikono, akae, amege kidogo, asifu mpishi. Anaweza kulinda mwili wake bila kumwaibisha mwenye nyumba. Na mwenye nyumba naye asimlazimishe, ile tabia ya kujaza sahani mara ya tatu na kusema "Kula, ao hunipendi?" imeua watu wa sukari kimyakimya.

Msichana wetu wa masomo tusimsahau. Mara nyingi yeye si mgonjwa. Anakonda kwa sababu ya picha za simu, au kwa sababu mchumba alimcheka. Sheria kama hiyo inafanana na mwiko wa yai: mwingine ameitunga, na mwanamke ndiye anayeibeba. Mzazi asimpigie kelele. Amuulize kwa upole: kilo hizi unazipunguza kwa ajili ya nani, na nani alikuambia kwamba ni nyingi? Kama kweli ni nyingi, mizani ya kituo cha afya itasema, na muuguzi atamwongoza. Kama si nyingi, basi tatizo halikuwa mwili wake, na chakula hakitaliponya.

6. La kushika

Nafikiri jibu kwa mama wa Mumosho ni hili. Kukataa chakula si dhambi na si utakatifu. Kunakuwa wema pale ambapo kuna sababu unayoweza kuisema mezani bila aibu, pale ambapo hakumpakii mzigo aliye dhaifu kuliko wewe, na pale ambapo kile ulichojinyima kinamrudia mtu: ni afya ya baba kwa watoto wake, au ni feza ya Primus mbili inayonunua sambaza kwa mtoto wa jirani. Rejimu isiyokuwa na hayo ni njaa tu ya kujitakia, na njaa kwetu hatukuwahi kuikosa.

Tunaomba basi wazee wanaosimamia karamu za ndoa na matanga walifikirie jambo hili. Sinia ya maharagi na mboga ikae mbele, pamoja na nyama. Maji safi yawekwe karibu na kasiksi na soda. Na mtu akipungua kilo, tumuulize kwanza "Habari ya afya?" kabla ya kumpa ugonjwa kwa midomo yetu.