Si Mimi Niliyelichafua

Ukifungua kifuniko cha juu cha injini ya gari lililopita mikononi mwa watu wengi, mara nyingi hukuti chuma kinachong'aa. Unakuta tope jeusi, zito kama lami, limeganda juu ya vali na kuziba matundu ambayo oili hupitia kurudi chini. Hapa Gudele, magharibi mwa jiji la Juba, tope hilo ni jambo la kila siku katika gereji za kando ya barabara. Mafundi huliona kama kazi. Mimi, ambaye wakati wa likizo hushinda katika gereji ya mjomba wangu, naliona pia kama swali la maadili: mtu akipokea kitu kilichoharibiwa na wengine, je, anawajibika kukisafisha?

Kwanza tuelewe tope lenyewe linavyotokea. Oili ya injini hulainisha vyuma vinavyosuguana, na pia hubeba uchafu. Moshi unaopenya pembeni mwa pistoni huingia ndani yake, pamoja na masizi, petroli isiyoungua na mvuke wa maji. Joto huichakaza, na dawa zilizotiwa kiwandani ili kuushikilia uchafu huo huisha nguvu. Oili isipobadilishwa kwa wakati, uchafu hushikana, ukawa mzito na kutua. Gari la safari fupi fupi, linalosimama muda mrefu huku injini ikiunguruma, huathirika haraka zaidi.

Tunafundishwa kwamba haba na haba hujaza kibaba, na methali hiyo husifu akiba. Ndani ya injini methali hiyo hiyo ni onyo. Hakuna siku moja ambayo tope lilitiwa humo. Mmiliki wa kwanza alichelewa mwezi mmoja. Wa pili aliongeza oili mpya juu ya ile chafu bila kuimwaga. Wa tatu alinunua oili ya bei rahisi katika chupa isiyo na jina. Kila mmoja alifanya jambo dogo, na hakuna aliyeuona mwisho wake.

Gari lenyewe pia limesafiri. Magari yetu mengi yalianza maisha Japani, yakapakuliwa Mombasa, yakapita Uganda, kisha yakaingia kwa barabara ya Nimule, kilomita 192 hadi Juba. Ndiyo maana mengi yana usukani upande wa kulia, ilhali Sudan Kusini tunaendesha upande huo huo wa barabara. Njiani kumbukumbu za matengenezo hupotea. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Gari bila daftari hufika likiwa na habari zote tumboni, lakini haziwezi kusomwa mpaka lifunguliwe.

Hata kumbukumbu zikiwapo, si rahisi kumpata mkosaji. Nchini Marekani, wamiliki wa baadhi ya magari ya Toyota yaliyotengenezwa kati ya 1997 na 2002 walilalamika kwamba injini zao zimejaa tope. Kampuni ilisema chanzo ni oili kutobadilishwa kwa wakati. Wamiliki wengi walisema waliibadilisha. Mwaka 2002 kampuni ilitangaza mpango wa kugharimia matengenezo, uliohusu magari yapatayo milioni 3.3, ingawa haikukubali lawama. Mfano huo unanifundisha kwamba kazi ya kusafisha inaweza kuanza kabla ubishi wa nani mkosaji haujaisha.

Mwaka jana dereva mmoja wa Noah ya abiria alifika gereji kwetu kwa sababu taa ya oili ilikuwa ikiwaka. Mjomba alifungua kifuniko, akamwita aone. Dereva alitazama, kisha akasema, "Fundi, gari hili nimelinunua miezi miwili tu iliyopita. Si mimi niliyelichafua. Kwa nini nilipe mimi?"

Mjomba akamjibu, "Hukulichafua, ndugu yangu. Lakini ufunguo uko mfukoni mwa nani?"

Nimelifikiria jibu hilo mara nyingi. Naona linatenganisha mambo mawili ambayo huwa tunayachanganya: hatia na wajibu. Hatia hutazama nyuma na kuuliza nani alifanya. Wajibu hutazama mbele na kuuliza nani anaweza kuzuia madhara. Mtu akihamia kiwanja chenye shimo la choo lililoachwa wazi, shimo hilo hakulichimba yeye. Lakini akishaliona, na kiwanja kikiwa mikononi mwake, mtoto wa jirani akitumbukia hawezi kujitetea kwa kusema alilikuta. Kujua na kumiliki vimemfunga. Vivyo hivyo dereva yule. Injini ikikwama usiku, abiria watakaoachwa njiani hawatasaidiwa na historia ya gari.

Anayeukimbia wajibu huu huwa na njia mbili. Ya kwanza ni kuuza. Unatia oili mpya, kijiti cha kupimia kinatoka kisafi, unampata mnunuzi. Mzigo mzito mpe Mnyamwezi. Anayeuza hivyo hujitetea kwamba hakuulizwa. Utetezi huo ni wa zamani. Zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita, Cicero wa Roma aliandika juu ya mtu anayeuza nyumba yenye kasoro ambazo yeye peke yake anazijua. Alieleza ubishi wa wanafalsafa wawili: Diogenes wa Babiloni, aliyeona kwamba kunyamaza si kuficha, na Antipater, aliyeona kwamba muuzaji lazima aseme. Cicero mwenyewe alikuwa upande wa Antipater. Nami nasema hivyo hivyo, kwa sababu mnunuzi hawezi kuuliza habari ya jambo ambalo hajui kwamba lipo.

Waislamu wana simulizi iliyo karibu zaidi na injini yetu. Mtume Muhammad alipita sokoni, akatia mkono katika rundo la nafaka, akakuta ndani kumelowa. Mwenye nafaka akasema imenyeshewa na mvua. Mtume akamuuliza kwa nini basi hakuiweka juu ili watu waione. Tuangalie vizuri: yule mfanyabiashara hakuileta mvua, na hakulaumiwa kwa mvua. Alilaumiwa kwa sababu alijua palipolowa, akapafunika.

Njia ya pili ni kumwaga. Injini inasafishwa, na oili chafu inaachwa ardhini nyuma ya gereji. Wakazi wengi wa Gudele hutumia maji ya visima au ya magari ya maji, na mvua zikianza, vijito vya msimu hubeba kila kilicho juu ya ardhi kuelekea mtoni. Shirika la serikali ya Marekani la kulinda mazingira hueleza kwamba oili inayotolewa katika gari moja tu inaweza kuchafua galoni milioni 1 za maji. Aliyemwaga hajasafisha, amehamisha tope kutoka kwa mwenye gari na kumpa mtu ambaye hana hata baiskeli. Kusafisha kwa kweli kunadai dumu lenye kifuniko, na mtu wa kuipokea oili hiyo kwa matumizi yasiyodhuru.

Namna ya kusafisha nayo ina maadili yake. Wateja wengi hutaka njia ya haraka: mimina dizeli ndani ya injini, iwashe dakika chache, mwaga. Wakati mwingine hufaulu. Lakini tope la miaka mingi likibanduka kwa mabonge, hushuka hadi kwenye chujio la pampu ya oili na kuliziba. Pampu haivuti, beringi zinakauka, injini inanoki. Mjomba hupenda kukwangua kwa mkono, kushusha sampo, kuosha chujio, kuweka filta mpya, kisha kubadilisha oili mapema, na kurudia tena. Uovu uliojengeka polepole ukivamiwa kwa hasira ya siku moja, unaweza kuua kile tulichotaka kukiokoa. Hata hivyo subira si kisingizio. Subira ya fundi ina tarehe: rudi wiki ijayo, rudi mwezi ujao.

Huenda msomaji akasema maneno haya ni rahisi kwa asiyelipa. Dereva ana kodi ya nyumba na ada za watoto, na siku gari linapolala gereji hapati kitu. Nakubali. Asiye na uwezo hadaiwi asichonacho. Lakini umaskini hupunguza kiasi cha kazi unayodaiwa, haufuti ukweli unaodaiwa. Anaweza kusafisha kidogo kidogo. Akishindwa kabisa, anaweza kumwambia mnunuzi kilichomo na kukubali bei ndogo. Fundi naye, kwa kuwa ameona, anadaiwa kusema wazi na asigeuze tope la mtu kuwa mtaji wa kumtisha.

Nchi yetu ilipata uhuru tarehe 9 Julai 2011, na vita vikazuka Desemba 2013, wakati wengi wa rika langu tukiwa watoto. Tunapoulizwa juu ya chuki za makabila yetu, hujibu kwamba si sisi tulioanzisha. Ni kweli, na hakuna anayepaswa kututia hatiani kwa hilo. Lakini majina ya dharau tuliyoyasikia kwa wakubwa wetu, tunayajua, na wadogo zetu wanatusikiliza. Tukishajua kilichomo ndani kisha tukakipitisha kwao kimya kimya, hapo kosa linakuwa letu wenyewe.